Kuchora ramani ya mchezo wa mikakati: miji ya Pwani mwaka 1331

Mwaka 1154, katika jiji la Palermo kisiwani Sicily, mwanajiografia Muhammad al-Idrisi alimkabidhi Mfalme Roger wa Pili kitabu na ramani ya dunia. Alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Ramani yake iliweka kusini juu na kaskazini chini, kama ilivyokuwa desturi ya wachoraji wengi Waislamu wa wakati ule, na ndani ya kitabu chake yamo majina ya Malindi na Mombasa. Yaani mtu aliyekaa Italia ya zama za kati aliona kuwa ramani ya dunia haijakamilika bila Pwani yetu.

Leo mambo yamegeuka. Kijana anayecheza michezo ya mikakati kwenye kompyuta anaweza kukutajia Venice, Genoa, Pisa, Milan na Florence bila kusita, na kukueleza nani alimpiga nani. Muulize kuhusu Shanga, Manda, Ungwana au Vumba Kuu, atakutazama tu. Hana kosa. Hajawahi kuonyeshwa miji hiyo mahali anapoweza kuigusa.

Mimi ni mtu wa Awasi, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Kericho ukishapita Ahero. Kutoka hapa hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 700. Kwa miaka miwili nimekuwa nikichora ramani ya mchezo wa ubao unaohusu miji ya Waswahili, na huwa nawapa vijana wa hapa waicheze. Makala hii inaeleza hatua za kazi hiyo, ili mwenye nia ya kuchora yake, ya Lamu peke yake, ya Tana au ya nchi ya ziwa, ajue pa kuanzia na mahali penye hatari.

Ramani ya mchezo ni nini

Ramani ya atlasi inajibu swali la wapi. Ramani ya mchezo inajibu swali la nini kinawezekana: kutoka hapa naweza kwenda wapi, kwa zamu ngapi, na nikifika nitapata nini? Kila mstari unaouchora ni sheria. Ukiweka mpaka kati ya majimbo mawili, umesema watu wa huku waliweza kuvuka kwenda kule. Ukiacha jimbo bila jina, umesema hapakuwa na wa kuulizwa.

Tazama mchezo wa Risk, uliobuniwa na Mfaransa Albert Lamorisse na kutolewa mwaka 1957. Ubao wake una majimbo 42 ya dunia nzima. Ulaya imepewa 7. Afrika yote imepewa 6, na Afrika Mashariki ni jimbo moja tu. Mogadishu na ziwa letu ni kitu kimoja, na kete moja inatosha kulinda vyote.

Mchezo wa Diplomacy, wa Mmarekani Allan Calhamer, ulitoka mwaka 1959. Una majimbo 75, na kati yake 34 ni vituo vinavyolisha majeshi. Historia yake inaanza mwaka 1901, mwaka uleule reli ilipofika Kisumu, lakini ubao unaishia Afrika Kaskazini. Sisi tuko nje ya meza.

Michezo ya kompyuta imesogea mbele kidogo. Europa Universalis IV, ya kampuni ya Paradox ya Sweden, ilitoka mwaka 2013 na inaanzia tarehe 11 Novemba 1444. Ndani yake mchezaji anaweza kuongoza Kilwa, Mombasa, Malindi, Pate au Mogadishu. Falme za Maziwa Makuu, kama Buganda na Bunyoro, ziliongezwa baadaye. Katika Civilization VI, Kilwa Kisiwani ni moja ya maajabu ya dunia unayoweza kuyajenga. Ni hatua nzuri. Hata hivyo, katika michezo hiyo Pwani ni pembe ya ramani iliyochorwa kwa ajili ya Ulaya. Mimi nilitaka ramani ambayo Pwani ndiyo katikati yake.

Wala mikakati si jambo la kigeni kwetu. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na wazee wa Lamu na Unguja hulicheza kwa hesabu inayomtoa jasho mgeni. Kwetu huku Waluo wana ajua. Anayejua kupanda na kuteka kete anaielewa nusu ya kazi hii tayari.

Kwa nini Italia ni shule nzuri

Wabunifu wa ramani huipenda Italia ya zama za kati kwa sababu moja kubwa: eneo dogo, wenye nguvu wengi. Hakuna mfalme mmoja anayeweza kuwameza wote. Miji ya kaskazini iliungana mwaka 1167 katika Muungano wa Lombardia, ikamshinda Kaisari Frederick Barbarossa pale Legnano mwaka 1176, kisha ikarudi kugombana yenyewe kwa yenyewe. Genoa iliivunja nguvu Pisa katika vita vya bahari vya Meloria mwaka 1284. Florence ikaichukua Pisa mwaka 1406.

Kwa Pwani yetu nimechukua mafunzo matatu kutoka huko.

La kwanza: mji unaweza kuwa tajiri bila kuwa na ardhi. Venice ilijengwa juu ya visiwa vya matope, haikuwa na mashamba ya kuilisha, lakini iliitisha nusu ya Mediterania.

La pili: nguvu ya bahari haisambai kama wino kwenye karatasi, hukaa mahali mahali. Venice ilishika bandari na visiwa vya njiani, kama Krete baada ya mwaka 1204, na haikuhitaji kumiliki kila kijiji kilichokuwa katikati.

La tatu: milima na upepo ndio wanaoamua mipaka kabla ya wafalme. Ukichora Italia bila milima ya Apennine, umechora nchi nyingine. Ukichora Pwani bila kaskazi na kusi, vilevile.

Hatua ya kwanza: chagua mwaka mmoja

Usiseme "zamani". Chagua mwaka, kisha ukae nao. Mimi nilichagua 1331 kwa sababu ndio mwaka ambao Ibn Battuta alipita Mogadishu, akalala Mombasa usiku mmoja, kisha akafika Kilwa. Ni nadra kupata shahidi wa macho kwa miji mitatu katika safari moja.

Ukishachagua mwaka, utalazimika kuwakatalia wageni wengi. Ngome ya Fort Jesus haimo, kwa kuwa ilianza kujengwa mwaka 1593. Na hapa kuna jambo la kuchekesha kwa mpenzi wa Italia: aliyeisanifu ngome hiyo kwa ajili ya Wareno ni Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Songo Mnara haimo pia, kwa sababu majengo yake ya mawe yaliinuka mwishoni mwa karne ya 14. Wareno wenyewe hawamo: Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwezi Aprili 1498, zaidi ya miaka 160 baadaye.

Pate ni kesi ngumu. Tarihi ya Pate inawaleta Wanabahani mwanzoni mwa karne ya 13 na kuufanya mji huo uwe mkubwa tangu hapo. Wanaakiolojia waliochimba kisiwani wanaona ukuu wa Pate ulikuja baadaye sana, kati ya karne ya 16 na ya 18. Mji ulio na ushahidi mwingi zaidi kisiwani humo kwa wakati wetu ni Shanga, uliochimbwa na Mark Horton miaka ya 1980, ambako ulipatikana msikiti wa miti wa karne ya 8. Kwa hiyo katika ramani yangu jimbo la kisiwa cha Pate lina makao yake Shanga, na Pate ni kete ndogo inayoweza kukua. Mchezaji akitaka kuifanya dola, aifanyie kazi.

Hatua ya pili: gawa majimbo

Ramani yangu ina majimbo 42, idadi ileile ambayo Risk iliigawia dunia nzima. Miji na visiwa ni 20, bahari ni 8, na bara ni 14. Ukipita 60 kwenye ubao, wachezaji huanza kulala. Ukipungua 30, kila mtu anagusana na kila mtu na mkakati unakufa.

Hii ni sehemu ya orodha ya miji, kutoka kaskazini kwenda kusini, pamoja na sababu ya kila mmoja kuwamo:

*Mogadishu.* Ibn Battuta aliukuta ukiwa mji mkubwa sana, wenye wafanyabiashara matajiri na ngamia wengi wa kuchinjwa. Ndio mlango wa kaskazini wa mchezo.

*Shanga, Manda na Lamu.* Majimbo matatu yaliyobanana katika funguvisiwa moja. Hapa ndipo ramani inapofanana zaidi na Italia: majirani wanasikiana adhana, lakini kila mmoja ana bandari yake.

*Malindi.* Al-Idrisi aliwataja watu wake kwa chuma na uwindaji. Ibn Battuta hakuitaja. Mwaka 1415, nje ya muda wa mchezo, Malindi ilimpelekea mfalme wa China twiga. Nimeipa chuma na pembe.

*Gedi.* Mji wa kuta, msikiti mkubwa na visima, ulio ndani ya msitu mbali kidogo na bahari. James Kirkman aliuchimba kuanzia 1948. Kumbukumbu za Wareno hazikuutaja hata waliposhinda Malindi jirani yake. UNESCO iliuorodhesha kama urithi wa dunia mwaka 2024. Gedi ni onyo kwa kila mchoraji ramani: kutoandikwa si kutokuwepo.

*Mombasa.* Kisiwa chenye ndizi na malimau, watu wema, misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri, na hakuna nafaka. Nitarudi kwake.

*Pemba na Unguja.* Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Pemba ina mazao. Iangalie Pemba kama ghala.

*Mafia.* Ndugu mdogo wa Kilwa, kituo cha njiani.

*Kilwa Kisiwani.* Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, aliyesifiwa kwa ukarimu, alijenga kasri la Husuni Kubwa lenye vyumba zaidi ya mia na bwawa la pembe nane. Sarafu za shaba zilifuliwa kwa jina la masultani wa hapa, na moja yenye jina la al-Hasan ibn Sulaiman iliokotwa hata Great Zimbabwe, mbali kabisa na bahari.

*Ngazidja.* Kituo cha Visiwa vya Ngazija, kwenye njia ya Bukini.

*Sofala.* Mwisho wa njia, mwanzo wa dhahabu. Ibn Battuta aliambiwa kuwa ni safari ya nusu mwezi kutoka Kilwa.

Hatua ya tatu: bahari iwe na upepo

Mchezo mwingi wa Ulaya huacha meli iende popote. Kwetu hiyo ni hadithi. Mwaka wangu una zamu nne: Kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi; mwanzo wa Kusi, Aprili na Mei; Kusi kali, Juni na Julai, ambapo vyombo vikubwa vinakaa bandarini; na Demani, Agosti hadi Novemba.

Bahari nane nimezipanga kama mlolongo: Banadir, Lamu, Malindi, Pemba, Unguja, Kilwa, Kerimba na Sofala. Jahazi la Uarabuni au Bara Hindi likiingia na Kaskazi linakwenda hatua 6. Hesabu mwenyewe: Banadir moja, Lamu mbili, Malindi tatu, Pemba nne, Unguja tano, Kilwa sita. Hapo upepo umekwisha. Likitaka kufika Sofala, itabidi lisubiri msimu mwingine na kukosa safari ya kurudi na Kusi.

Hii ndiyo siri ya Kilwa, na mchezaji anaigundua bila kuambiwa. Haikuhitaji jeshi kubwa kuliko wengine. Ilikaa mahali ambapo upepo wa msimu mmoja unaishia, ikaleta dhahabu ya Sofala hadi hapo kwa vyombo vyake yenyewe. Kijana mmoja wa kidato cha pili alicheza mara tatu akaniuliza, "Mwalimu, kumbe mahali ni mali?" Mimi si mwalimu, lakini nililikubali jina siku hiyo.

Mitepe, vyombo vya wenyeji vilivyoshonwa kwa kamba, nimeipa hatua mbili tu, lakini inakwenda pande zote na misimu yote isipokuwa Kusi kali. Kwa hiyo mgeni ana mbio na mwenyeji ana uhuru. Wote wanahitajiana.

Hatua ya nne: nani anamlisha nani

Kila mji una namba tatu: chakula, bidhaa na hadhi. Mombasa ina chakula 0. Sikulibuni hilo: Ibn Battuta anasema wazi kuwa watu wa kisiwa hicho hawalimi nafaka, huletewa kutoka pwani ya bara.

Sheria hiyo ndogo inabadilisha mchezo mzima. Mchezaji wa Mombasa akigombana na majimbo ya bara nyuma yake, baada ya zamu mbili anakonda. Analazimika kuwapa watu wa bara nguo, shanga na heshima. Wanacheza kama washirika wenye kauli, wala si "wenyeji" wa kutekwa.

Bidhaa nimezigawa kwa kile kinachojulikana: pembe za ndovu, chuma, boriti za mikoko, ambari, magamba ya kasa, dhahabu inayopitia Sofala. Zinazoingia ni nguo, shanga za vioo na vyombo vya udongo vya China na Uajemi. Hadhi hupatikana kwa kujenga msikiti wa mawe, kuwakaribisha wageni na kufua sarafu. Mshindi ni mwenye hadhi kubwa baada ya miaka 10 ya mchezo. Anaweza kushinda bila kumchomea mtu hata nyumba.

Hatua ya tano: usipake rangi moja

Ramani nyingi za historia huipaka pwani yote kuanzia Pemba hadi Sofala rangi ya Kilwa. Inapendeza macho, lakini ni uongo wa rangi. Kilwa ilishika Mafia, na ilishika biashara ya Sofala. Kushika biashara si kumiliki kila hori lililo njiani.

Kwa hiyo nina alama mbili: bendera, maana yake mji unatawaliwa, na nanga, maana yake mji una wakala na mkataba hapo. Kilwa inaanza na bendera mbili na nanga tatu. Mchezaji akipoteza nanga ya Sofala, bendera zake zote zinabaki, ila hazina inakauka. Ndivyo Venice ilivyoishi pia.

Hatua ya sita: majina ya watu

Kila jimbo kwenye michezo ya kompyuta hupewa kabila na dini. Hapa ndipo mchoraji anaweza kufanya dhuluma kwa kubonyeza mara moja. Kwa miaka mingi tuliambiwa miji ya mawe ilijengwa na wageni, na wenyeji walitazama tu. Kiswahili chenyewe kinakataa: ni lugha ya Kibantu, ndugu wa Kimijikenda, Kipokomo na Kingazija. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2023, kwa mabaki ya watu 80 wa kati ya karne ya 13 na ya 19, uliona kwamba wengi wana asili ya Kiafrika kwa upande wa mama, na asili kubwa ya Uajemi kwa upande wa baba iliyoanza kuchanganyika mnamo mwaka 1000. Simulizi ya Washirazi haikuwa ndoto tupu, wala haikuwa habari yote.

Katika ramani yangu miji yote 20 haina rangi ya Mwarabu wala ya Mwajemi. Ushirazi ni kadi ya ukoo anayoweza kuishika mtawala. Wazazi wa watu wa mji hawawekwi kwenye kadi.

Hatua ya saba: bara, na hapa kwetu

Sasa nafika mahali pangu. Majimbo ya bara ni 14, na baadhi hatuna maandishi yake hata mstari mmoja kwa mwaka 1331. Wachoraji wengi huyapaka kijivu na kuyaita jangwa au nchi isiyopitika. Mtoto akiona kijivu, anaelewa kuwa hapakuwa na watu. Na tunajua waliokuja karne ya 19 na ramani zenye mahali patupu walizitumia kwa kazi gani.

Mimi natumia mistari badala ya kijivu, ya aina tatu. Mistari ya wima: tunajua kwa maandishi. Mistari ya mlazo: tunajua kwa akiolojia. Nukta: tunajua kwa masimulizi. Jimbo linaweza kuwa na aina mbili. Hakuna jimbo tupu.

Nchi ya ziwa ina mistari ya mlazo mingi. Vyungu vya Urewe, vilivyopewa jina la mahali palipo Siaya, vinaonyesha wakulima na wafua chuma walikaa kando ya ziwa hili zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Ibn Battuta. Upande wa Uganda kuna mahandaki makubwa ya Bigo bya Mugenyi. Kwenye nyanda za juu za Bonde la Ufa kuna mashimo ya mifugo ya Wasirikwa. Kuta za mawe za Thimlich Ohinga kule Migori, zilizoingia urithi wa dunia mwaka 2018, ni za karne ya 16, kwa hiyo hazimo.

Vijana wa Awasi walipoona ubao, swali lao la kwanza lilikuwa: "Waluo wako wapi?" Jibu ni kwamba kwa mwaka 1331 hawajaandikwa huku. Wanahistoria, akiwamo Bethwell Ogot katika kitabu chake cha mwaka 1967, wanaiweka safari ya kuja Got Ramogi baadaye, na Kano ikakaliwa baadaye zaidi. Wengine wakauliza kama basi ni ya Wakipsigis au Wanandi. Nikasema jina la kabila la leo haliandikwi kwenye jimbo lolote la bara, la kwetu wala la Pwani.

Hilo si woga wa kitaalamu. Mpaka wa Kisumu na Kericho, hasa pande za Sondu, umewahi kuona nyumba zikichomwa na watu wakifa. Ramani, hata ya mchezo, hukaa ukutani na kugeuka ushahidi. Mtu atakuja siku moja kuinyooshea kidole na kusema, "Mnaona? Ilikuwa yetu tangu 1331." Nyinyi wa Pwani mnalijua jambo hili vizuri kuliko mimi, kwa migogoro ya ardhi na maneno ya nani mgeni na nani mwenyeji. Kwa hiyo majimbo ya bara yana majina ya mito, milima na nyika. Kwetu pameandikwa "Nyanda za Nyando".

Baadhi ya wachezaji wamenishauri niuondoe upande wa ziwa kabisa, kwa kuwa hakuna jahazi wala msafara unaofika huko katika mchezo. Ni kweli, na sikuchora njia yoyote ya biashara kutoka Mombasa hadi ziwani, maana misafara iliyofika hadi maziwa ni habari ya karne ya 19. Lakini nimeuacha. Jimbo lisilofikika na jimbo lisilokuwepo ni vitu viwili tofauti. Mchezaji wa Mombasa anapotazama magharibi, nataka aone kuwa kuna watu ambao hajawafikia.

Vifaa na uchoraji

Huhitaji pesa nyingi. Mistari ya pwani unaweza kuipata bure kwenye mkusanyo wa ramani wa Natural Earth, ukaifungua kwa programu ya QGIS, kisha ukamalizia kwa Inkscape au GIMP. Zote ni za bure. Kabla ya kuanza, ondoa vya kisasa: barabara ya Makupa inayounganisha kisiwa cha Mombasa na bara, madaraja, bandari mpya.

Kama unatengeneza ramani ya mchezo wa kompyuta, kanuni ni hizi. Kila jimbo lipewe rangi moja isiyorudiwa. Kingo ziwe kali, bila vivuli, kwa sababu kompyuta inasoma kila pikseli yenye rangi tofauti kama jimbo jingine. Majimbo manne yasikutane kwenye ncha moja: sogeza moja pikseli mbili tatu, la sivyo programu haitajua nani jirani wa nani. Kwa ubao, kanuni ni ileile kwa macho ya binadamu. Mchezaji asiulize, "Hapa tunagusana au hatugusani?"

Visiwa vichore vikubwa kuliko vilivyo. Lamu ikichorwa kwa kipimo halisi itafunikwa na kete moja. Ramani ya mchezo inaruhusiwa kudanganya ukubwa ili iseme ukweli wa umuhimu.

Kuijaribu

Cheza angalau mara kumi kabla ya kuchapisha. Angalia mambo manne. Je, kila mji una angalau njia mbili za kutoka? Je, kuna mji unaoshinda kila mara? Kilwa ikishinda mara nne kati ya kumi, sawa, ndivyo ilivyokuwa. Ikishinda tisa, punguza. Je, mchezaji wa bara ana la kufanya kila zamu? Je, baada ya mchezo, mtu anaweza kueleza kwa nini mji fulani ulikuwa pale ulipo? Kama hawezi, umechora uwanja wa vita tu.

Kwenye mitepe na bahari ya Malindi bado natafuta majina ya zamani ya bandari ndogo na milango ya miamba, yale ambayo manahodha wanayajua na hayamo kitabuni. Waulizeni wazee kabla hawajaondoka nayo, myaandike na mahali pake. Ramani ya pili itakuwa na nafasi ya majina hayo, na kila moja nitaliweka kwa nukta, ili mchezaji ajue kuwa tumeambiwa na mtu.